Fungu la Tano la Kitabu cha Daraja

Siku moja hunirudia kila ninapofungua kibanda changu, mwanangu, na laiti kumbukumbu zingekuwa nguo za mtumba, hiyo ningekwisha kumpa yeyote apitaye. Ni siku niliyomnyima msichana kurasa arobaini za kitabu. Kurasa arobaini tu, na nilikuwa nazo mfukoni mwa shati.

Lakini wewe umekuja na swali lako, nisilirukie. Wewe na wenzako mnaotoka shule mnanisimamia hapa sokoni Same, "Shikamoo babu," marahaba wajukuu, kisha mnasema, "Babu, tunataka riwaya nzuri," kana kwamba riwaya nzuri ni kilo ya vitunguu. Huku upepo unanimwagia vumbi juu ya vitabu, na mmoja wenu simu inamlilia mkononi. Nakasirika, ndiyo, sifichi. Nikikasirika nawapa kitabu chochote kilicho karibu, mkiondoka nabaki kujilaumu mpaka jioni. Leo kaa kwenye hilo debe nikujibu kwa utaratibu. Orodha nitakupa, ila kwanza ujue niliipata wapi, maana si yangu.

Mimi nilizaliwa milimani, juu kidogo ya Suji. Miaka ninayokuambia ni ile ya foleni, ambayo ninyi mnaisikia tu. Sabuni ilikuwa haba, tukafulia majani ya mpapai. Daftari moja lilibeba masomo manne. Basi lilipanda kwetu pale tu mafuta yalipopatikana, na yalipatikana kwa nadra. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi hakuna, na uongozi wa kijiji ukanikabidhi ufunguo wa sanduku la vitabu lililobaki tangu enzi za kisomo cha watu wazima. Ufunguo ule niliuvaa shingoni. Kijana wa miaka kumi na tisa mwenye ufunguo shingoni anajiona mwenye kijiji, na mimi nilijiona hivyo hasa.

Sandukuni mlikuwa na vijitabu vingi vya ufugaji bora wa kuku na uchimbaji wa vyoo, na riwaya sita. Majalada yalikuwa yameng'oka kabla sijazikuta, majina hatukuyajua, basi tukazibatiza wenyewe. Palikuwa na Kitabu cha Barua, cha mapenzi. Palikuwa na Kitabu cha Ngome, cha vita vya mababu, na Kitabu cha Kisima, ambacho hakuna aliyekisoma akiwa peke yake. Viwili vingine hata majina tuliyovipa nimeyasahau. Cha sita kilikuwa Kitabu cha Daraja, na hicho ndicho kila kijana alikitaka.

Kilikuwa cha upelelezi. Karani mmoja, Rehema, kaka yake Zuberi anapotea siku ya kufunguliwa kwa daraja jipya. Watu wote wanasema amekufa maji. Rehema hakubali. Anamtafuta kituo kwa kituo, ofisi kwa ofisi, na kila ukurasa unamleta mtu mwingine wa kumshuku. Ukianza huwezi kukiweka chini hata ukiitwa kula.

Sasa, wasomaji walikuwa kumi, kitabu kimoja, na gundi ya mgongoni ilikuwa imekwisha nguvu. Nikakigawa mafungu matano. Kila fungu nikalishona kwa uzi wa katani na kulivika karatasi ya mfuko wa saruji. Kisha nikatafuta sheria ya kuyagawa, na sheria haikuwa mbali. Tulikuwa nayo tangu mababu, sheria ya ndiva.

Ndiva, kwa wewe uliyekulia tambarare, ni bwawa la mawe na udongo tulilojenga mlimani. Maji ya kijito hujikusanya humo usiku kucha, asubuhi mzibo unafunguliwa, yanashuka kwa mfereji kwenda mashambani kwa zamu. Leo shamba la huyu, kesho la yule. Matope yakijaa, watu wote wanaitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuyazoa. Asiyefika msaragambo anapoteza zamu yake ya maji. Hayo niliyaona tangu nikiwa mgongoni kwa mama, nikadhani nayajua yote.

Basi nikatangaza. Kila Jumapili asubuhi tunakutana juu ya ukuta wa ndiva. Fungu la kwanza linaanza kwa mtu wa kwanza. Jumapili inayofuata linakwenda kwa wa pili, naye wa kwanza anachukua fungu la pili, hivyo hivyo hadi mwisho, kama maji mferejini. Ukirudisha fungu unasimulia kidogo ulichosoma. Usipofika, zamu imekupita, unakwenda mkiani. Wenzangu wakapiga makofi. Mzee Kajiru, msimamizi wa ndiva, alikuwa hapo na jembe lake akiziba tundu ukutani. Akanitazama, akatikisa kichwa, akaendelea na kazi. Nilidhani ananistaajabia kwa akili nyingi.

Kati ya wale kumi alikuwapo Namsifu, binti wa miaka kumi na sita aliyelelewa na bibi yake. Sisi wengine tulisimulia kama watu wanaosoma tangazo la mnada. Namsifu alisimulia mpaka wenye zamu ya maji wakasahau mashamba yao. Alijua kunyamaza mahali pa kunyamaza. Kitabu cha Daraja kilimwingia kuliko wote, nadhani kwa sababu naye alikuwa na ndugu waliokwenda mbali wasirudi, ingawa hakuwahi kulisema hilo.

Alipofika fungu la nne, Jumapili iliyofuata hakuonekana. Fungu alilirudisha kwa mkono wa jirani. Jumapili ya pili vilevile, hayupo. Ya tatu akaja. Alikuja polepole, akipapasa ukuta kwa mkono mmoja, nami nikaona maringo.

"Kaka Mbazi," akaniambia, "naomba la tano."

"Zamu yako imepita. Jumapili mbili hukuonekana."

"Nilipata dharura nyumbani."

"Nani hana dharura? Asiyekuwepo na lake halipo."

Wenzangu wakacheka, nami kicheko chao kikanipa kichwa. Akasogea karibu, akashusha sauti.

"Basi niambie tu. Zuberi alipatikana?"

"Subira huvuta heri, Namsifu. Ngoja zamu yako."

Na unajua, mwanangu, kijana mwenye zamu ya siku ile alikuwa hata hajafika. Alikuwa amechelewa, nami nilikuwa nikimngoja. Yeye nilimngoja, Namsifu nikamfukuza. Alisema "Sawa, kaka," akageuka, akaondoka vilevile akipapasa ukuta.

Nisichokijua ni kwamba macho yake yalikuwa yakifunikwa na ukungu, mwezi baada ya mwezi. Zile Jumapili mbili alikuwa ameshuka bondeni na bibi yake kutafuta daktari. Wakaambiwa waende hospitali kubwa, mbali. Nauli hawakuwa nayo, na hata wangekuwa nayo, gari lilikuwa wapi? Sisi vijana alituficha, kwa sababu wajomba zake walikuwa wameanza kusema ni vitabu vilivyomharibu macho. Lingejulikana, wangemkataza kusoma kabisa. Kwa hiyo alikuwa akisoma kwa kushindana na macho yake mwenyewe, nani atangulie kumaliza. Na mimi mwenye ufunguo ndiye niliyemchelewesha.

Zamu yake ilimfikia tena baada ya Jumapili tano. Nikampa fungu la tano kwa madaha, kama mtu anayetoa zawadi. Akalifungua. Akalisogeza karibu na pua, akaligeuzia jua, akapitisha kidole juu ya mistari. Kisha akalifunga kwa utulivu, akasema, "Kaka Mbazi, herufi zimeondoka. Nisomee wewe."

Hapo ningekaa chini nikasoma. Kurasa arobaini ni kazi ya asubuhi moja. Ningesoma na mambo yangekwisha, na leo nisingekuwa na la kukusimulia. Lakini wenzangu walikuwa wamenikodolea macho, na mimi nilikuwa nimeelewa yote kwa mara moja, ukuta, Jumapili mbili, lile swali lake la sauti ya chini. Nikaona aibu.

"Nitakuja kwenu kesho nikusomee," nikasema. Nikalichukua fungu, nikalirudisha mfukoni.

Jioni ile ile zilifika habari kutoka kwa baba yangu mdogo aliyekuwa Same. Ilikuwa imekwisha kuwa ruksa, biashara zimefunguliwa, marobota ya mitumba yanashushwa, anataka kijana wa kumsaidia. Asubuhi palikuwa na lori linaloshuka na tangawizi. Nikapanda. Nyumba ya bibi yake Namsifu iko kando ya barabara, na lori lilipopita pale nilimwona ameketi kibarazani, amevaa gauni lake la kanisani, anangoja kusomewa. Nilijiinamisha nyuma ya magunia. Na hata hilo halikuwa na haja, mwanangu, maana asingeniona.

Nilifanya kazi ya mitumba miaka kadhaa. Nilinenepa kidogo, nikanunua saa. Fungu la tano lilikaa chini ya godoro, na kila nikihama chumba lilihama nami. Siku moja Mzee Kajiru alishuka mnadani, akanikuta nikipanga mashati. Nikamwamkia, akaitikia, akashika kola ya shati moja akiikagua kama hana haja na mimi.

"Wewe ndiye uliyeazima sheria ya ndiva," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Uliijua nusu. Mtu asipofika msaragambo, zamu haimpiti hapo hapo. Kwanza natuma mtu nyumbani kwake akamwulize ana nini. Akiwa mgonjwa, watu wanamzolea sehemu yake ya matope, na maji yanakwenda shambani kwake kama kawaida. Zile asubuhi ulizoniona nimekaa na jembe, ndiva imejaa na sifungui, ulidhani nangoja nini? Nilikuwa namngoja niliyemtuma arudi."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia siku ile ile.

"Nilitikisa kichwa. Hukuniuliza."

Akaliweka shati, akaenda zake. Ungedhani siku ile ile nilipanda mlima. Sikupanda. Maneno yake yalinichoma, lakini aibu ina ujanja, inakuambia ngoja upate nafasi nzuri, ngoja uwe na zawadi ya kupeleka. Nikangoja. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu yalipofika yalikuwa yameshaota ndevu.

Mambo yalipozidi kufunguka vikaanza kuja vitabu, vya hapa kwetu na vya mbali, vipya na vilivyokwishatumika. Nikaacha mashati nikauza vitabu. Watu walisema nimepata wito. Mimi nilijua ni lile fungu chini ya godoro lililokuwa likinisukuma, na ndilo lililonipandisha mlimani hatimaye, asubuhi moja, mvi zikiwa zimeanza.

Niliwakuta watoto wamejaa juu ya ukuta wa ndiva wakingoja maji yafunguliwe. Katikati yao ameketi mwanamke, uso ameuelekeza juu, anasimulia. Nilisimama nyuma nikasikiliza. Rehema, Zuberi, daraja. Alifika mwisho, na mwisho wake ulikuwa hivi: Rehema anasimama katikati ya daraja asubuhi, anamwita kaka yake kwa sauti, na kutoka ng'ambo anaitikiwa. Watoto wote wakapaza sauti pamoja, "Naam, dada!" Walikuwa wanaijua kwa moyo.

Mwanangu, katika fungu la tano hakuna anayeitikia.

Watoto walipokimbilia mferejini nikamsogelea. "Namsifu, ni mimi, Mbazi. Nimekuja kukusomea."

Akageuzia uso upande wa sauti yangu. Kisha akauliza, "Kesho imefika?"

Nikaomba msamaha. Nililia, na sioni haya kukuambia. Akanitafutia bega kwa mkono, akanipapasa.

"Nilikusamehe zamani, kaka, usijitese. Wanasema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na moyo wangu mzima. Ila hilo fungu liweke. Nililingoja mpaka nikachoka, na wengine sikutaka kuwauliza maana wewe uliniahidi. Watoto wakawa wananiuliza, Zuberi alipatikana? Nami sikutaka kuwaambia wangoje. Nikatunga mwisho mwenyewe. Sasa ukinisomea huo wako utaninyang'anya wangu."

Nikasema nimeelewa. Akacheka kidogo.

"Lakini vingine si unavyo? Lete. Nina njaa ya miaka mingi."

Ndivyo nilivyoanza kupanda mlimani kila mwezi na mfuko wa vitabu, na mpaka leo napanda. Kwa hiyo orodha unayoniomba ni ya Namsifu. Mimi nilisoma kwa macho tu, aliyepima ni yeye.

Kama wewe ni mvivu wa kusoma, na usoni nakuona hivyo, usikasirike, anza na riwaya za upelelezi. Zitakuvuta mkono. Namsifu hanikubalii nipumzike kabla ya sura kuisha, hata kunywa maji. Ila chagua ile ambayo mpelelezi anakosea mara moja mbili, maana asiyekosea anachosha. Za majini na mizimu soma mchana, na mwenzako awe karibu. Jini linalosema sana yeye hulicheka. Kinachomtisha ni kitu kidogo, mlango uliofungwa jana na leo uko wazi. Ukikuta kitabu kama hicho, kichukue.

Za mapenzi walimu wenu watawaficha, na mimi zamani niliwaficha wasichana Kitabu cha Barua nikawapa vya kuku. Zisome, lakini utafute ile ambayo msichana ana kazi yake na maneno yake. Ile ambayo anasifiwa urembo tu mpaka ukurasa wa mwisho, irudishe. Zile za vita na safari za mababu zisome mahali penye mzee. Namsifu hunisimamisha katikati ya sentensi, anamwita mzee jirani, wanabishana kama ndivyo ilivyokuwa, nami nabaki na kidole kwenye mstari nusu saa nzima. Riwaya za wanafunzi kama ninyi, za bweni na uji mwepesi na mitihani, zihifadhi kwa siku utakayojiona uko peke yako duniani.

Zilizobaki ni zile za nyota na nchi zisizokuwapo. Mimi nilizidharau, nikaziita porojo. Nilimpelekea moja kwa bahati mbaya, na hiyo ndiyo anayoipenda kuliko zote. Nilipomwuliza kwa nini, akaniambia, "Huko hakuna aliyewahi kupaona. Huko wote tunaona sawa." Tangu siku hiyo sijaita kitabu chochote porojo.

Basi nasaha yangu ni hii, na ni fupi. Soma ukurasa wa kwanza hapa hapa umesimama. Usipokushika, rudisha, sitakasirika. Nitakasirika kidogo. Usikubali mtu akuchagulie kitabu kwa kukuangalia sura, wala wewe usimfanyie mwenzako hivyo. Kijana wa kifugaji akija kutoka mbugani usimpe cha ng'ombe, ng'ombe anao nyumbani. Ukimaliza, azima. Na aliyekuwa akija kuazima asipokuja, usimpeleke mkiani. Inuka uende kwao, uulize ana nini. Mtu akikuambia, "Nisomee," kaa chini umsomee pale pale, hata kama wote wanawatazama. Hilo neno kesho liache. Mimi nililitamka mara moja likanigharimu ujana wangu wote.

Fungu la tano bado ninalo. Uzi wa katani umelegea, karatasi ya saruji imekuwa laini kama kitambaa. Kila nikipanda mlima nalitia mfukoni mwa shati, kwa sababu huenda siku moja akabadili mawazo, na sitaki aniombe mara ya pili nikawa sina.

Haya, mwanangu, chukua kitabu chako uende, jua limepanda. Mungu akulindie macho yako, na moyo zaidi ya macho. Akujalie vitabu usivyoweza kuvimaliza na marafiki wa kukaa nao ukutani. Na siku mmoja wao asipofika, akupe miguu ya kwenda kumwuliza.